Chapa ya Mstari Mmoja

Mwanamkuu alimrushia mbwa jiwe kwanza, ndipo akamtazama maiti.

Alikuwa ameteremka kutoka kiwanda cha mbao kilichokuwa juu, ukingoni mwa msitu wa Meru, chungu cha maharage kichwani, kuwaletea chakula mafundi waliokuwa wakijenga nyumba ya dawa huko Moshono. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, umande haujakauka. Hakusikia nyundo. Alipoingia ndani ya kuta akakuta paa limetoboka na boriti ya katikati imelala chini vipande viwili, sehemu zilizovunjika zimejichimbia kwenye tope la ujenzi. Chini ya kipande kirefu alilala Eliasi, fundi wa paa, macho wazi.

Mbwa wa Eliasi, mwekundu, sikio moja limekatika, alikuwa kwenye ncha ya boriti akiilamba kwa bidii.

"Toka, mwana laana! Bwana wako amekufa, wewe unalamba!"

Jiwe likampata ubavuni. Mbwa alilia, akazunguka ukuta, akarudi kwenye ncha ile ile. Wala hapakuwa na damu pale. Damu ilikuwa upande wa pili, kwa Eliasi. Mwanamkuu aliliona hilo asilitie maanani, maana alikuwa ameshapiga magoti kumfumba marehemu macho. Akaona pia kwamba Eliasi ameshika patasi, vidole vimekaza. Nyundo na misumari yake vilikuwa ndani ya kikapu, mlangoni.

Nathanaeli, msimamizi wa ujenzi, alitokea nyuma ya ukuta akiwa na koti lake jeupe, anahema. Nyuma yake walikuja vibarua.

"Nilikuwa mtoni kusimamia mchanga," alisema. "Nikasikia kishindo." Akaitazama boriti, akaisogelea ncha, akamfukuza mbwa kwa teke. "Njooni mwone. Mstari mmoja! Daraja la kwanza! Ndiyo mbao safi ya Athumani hii, imemuua mwenzetu."

Vibarua wote waligeuka wakamtazama Mwanamkuu. Athumani alikuwa mwanawe.

Athumani alifanya kazi moja tu pale kiwandani: kukagua mbao. Kila boriti ilipita mikononi mwake. Mtarakwa, mti mwekundu unaonukia, usio na fundo wala ufa, ulipata mstari mmoja. Wenye vifundo vidogo, miwili. Podo, mti wa bei ndogo, lililopinda au lenye fundo kubwa lilipata mitatu, likatupwa upande wa masanduku na nyua. Chapa ilipigwa kwa nyundo ya chuma kwenye ncha ya mti, na hakuna aliyeijengea serikali bila mstari mmoja.

Kabla ya adhuhuri askari walikuwa wamemfunga Athumani mnyororo shingoni.

*

"Nifungulie, Shomari."

"Bi Mwanamkuu, usiniponze." Shaushi Shomari, mkubwa wa askari wa zamu, alisimama kwenye lango la boma la Wajerumani, tarbushi imekaa sawa, jasho linamtoka. Walitoka pwani moja, Pangani, na marehemu mumewe Mwanamkuu ndiye aliyemfundisha kushika bunduki. "Bwana Shauri amesema kesi ni Jumatatu."

"Na adhabu ameshaisema pia?"

Shomari aliangalia chini.

"Sema! Una bunduki, huna ulimi?"

"Mnyororo. Tanga. Miaka kumi."

Mwanamkuu alicheka kicheko kibaya. Waliopelekwa Tanga mwaka uliopita alirudi mmoja, tena kipofu. Athumani alikuwa mtoto wake wa pekee.

"Ushahidi uko wapi?"

"Mezani kwa Bwana Shauri. Nathanaeli ameikata ncha yenye chapa, ameileta. Kipande cha kiasi hiki, kama kichwa cha mtoto."

"Na boriti iliyobaki?"

"Ameipeleka kwa mjane, iwe kuni za msiba. Kwa huruma yake."

"Huruma! Na wewe ukakubali? Boriti imeua mtu, nawe unairuhusu ichomwe kabla hujaitazama! Hivyo ndivyo alivyokufundisha mume wangu?"

Shomari alisogea pembeni, akamwonyesha kwa kidevu mahali Athumani alipofungwa, chini ya kibanda cha farasi.

Athumani alikuwa na uso uliovimba. Mama yake alitaka kulia, akaghairi, akakasirika badala yake.

"Chapa ni yako?"

"Chapa ni yangu, mama. Mti si wangu."

"Maana yake nini?"

"Wamenionyesha kile kipande kwa mbali. Chapa ni ya nyundo yangu, naijua, mstari wake una pengo dogo chini. Lakini mtarakwa nilioupa mstari mmoja kwa ajili ya Moshono ulikuwa boriti tatu zenye nyuzi zilizonyooka kama nywele zilizochanwa. Hazivunjiki zile. Tembo hazivunji! Nimesema nikishike nikinuse, nikapigwa kofi."

"Nyundo unaiweka wapi?"

"Msumarini, bandani. Nikienda kuswali adhuhuri inabaki pale."

"Inabaki pale! Mtu yeyote anaichukua?"

"Mama, nani angeiba nyundo?"

"Nani angeiba nyundo," Mwanamkuu alimwigiza. "Mwanangu, ukitoka humu nitakupiga mimi mwenyewe."

*

Ijumaa walimzika Eliasi. Mwanamkuu alikwenda, ingawa wanawake walimpa mgongo, akakaa jikoni kwa mjane na kuanza kuchochea moto bila kuombwa. Nanyori, mjane, alimtazama kwa macho makavu.

"Umekuja kuangalia kazi ya mwanao?"

"Nimekuja kupika. Ukitaka kunifukuza, nifukuze baada ya ugali kuiva."

Nanyori hakumfukuza. Kuni za boriti zilikuwa zimepasuliwa, zimerundikwa karibu na mafiga. Mwanamkuu alisukuma kipande kirefu motoni. Mafuta yakachirizika juu ya ganda lake, yakalia kwenye makaa. Harufu ikajaa jikoni. Watoto wa jirani walichungulia mlangoni.

"Wamechinja kondoo?" mmoja aliuliza.

"Hakuna kondoo," alisema Nanyori. "Nendeni."

Mwanamkuu aliacha kuchochea. Miaka saba alikuwa amepikia wafanyakazi wa kiwanda kwa mabaki ya mbao. Mtarakwa ukiungua, nyumba nzima hunukia, na nguo zako pia, hata ukifua. Moshi huu haukuwa na harufu ya mtarakwa. Ulinuka kondoo wa kuchoma.

Alivuta ukuni mwingine, akachukua kisu cha mboga, akakwangua. Ngozi ya nje ilikuwa nyekundu. Chini ya wekundu, mti ulikuwa mweupe wa njano kama siagi. Akaugeuza. Upande mmoja ulikuwa na shimo la fundo, kubwa kama jicho la ng'ombe, limejazwa udongo mwekundu uliokandwa na mafuta hadi ukawa laini kama sabuni.

"Ngeu," alisema Nanyori polepole. Hakuna mtu wa Meru asiyeijua ngeu, udongo mwekundu wanaojipaka morani. "Kwa nini boriti imepakwa ngeu?"

"Kwa sababu ni podo," alisema Mwanamkuu. "Podo la mistari mitatu, limevishwa ngozi ya mtarakwa." Akauweka kisu chini. "Niambie, mwanangu. Eliasi alikuwa na ugomvi na nani?"

"Na Kisioki, dereva wa magari ya ng'ombe. Ng'ombe wake walikula mahindi yetu." Nanyori alisita. "Jumatano jioni alirudi amekasirika. Hakula. Akasema kesho anakwenda bomani. Nikadhani bado ni mahindi."

"Alisema ni mahindi?"

"Hapana. Alisema tu, 'Hawawezi kunifanya mjinga juu ya paa langu.'"

Mwanamkuu alifunga ule ukuni ndani ya kanga. Kisha akauliza jambo lililokuwa likimsumbua tangu jana.

"Fundi anayepigilia paa anapanda na patasi?"

"Patasi? Patasi ni ya chini, ya kuchonga kabla boriti haijapandishwa. Juu anapanda na nyundo."

*

Jumamosi alimkuta Kisioki akinywesha ng'ombe wake. Njiani alikuwa amekutana na Nathanaeli, naye alikuwa amempa pole nyingi, kisha akashusha sauti: "Kama si mwanao, Bi Mwanamkuu, basi mtafute Kisioki. Yeye ndiye aliyesomba boriti. Wale wapaka ngeu hawana hofu ya Mungu. Sisi tuliobatizwa hatugusi uchafu ule."

Mwanamkuu alikuwa bado hajamwambia mtu yeyote habari za ngeu, isipokuwa Nanyori. Maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Lakini ugomvi wa mahindi ulikuwa kweli, na Kisioki kusomba ilikuwa kweli.

"Takwenya, yeyo," Kisioki alimsalimu kwa lugha ya kwao, akimwita mama.

"Iko," aliitika, maana hiyo aliijua. "Ulimchukia Eliasi?"

"Jumapili nilimchukia. Jumatatu nikampelekea mtamba wa mbuzi kwa ajili ya mahindi yake. Muulize mkewe."

"Boriti tatu za Moshono, ulizisomba wewe?"

"Mimi. Nyekundu, nzito, zinanukia. Nikazishusha Moshono mkononi mwa Nathanaeli. Akasema zikae chini ya majani zisipasuke kwa jua. Zikakaa wiki nzima, hakuna aliyeruhusiwa kufunua."

"Na wewe ukafunua, ukapaka ngeu na mafuta ya kondoo!"

Kisioki akavua kitambaa kichwani. Kichwa kilikuwa kimenyolewa chote. Hakuwa na shanga masikioni, wala wekundu wowote mwilini. Ngozi yake ilikuwa kavu kama jivu.

"Mama yangu amekufa mwezi huu," alisema. "Kwetu ukifiwa unanyoa, unavua shanga, huji karibu na ngeu wala mafuta hadi utakaswe. Nikigusa, ni kama nimemtemea mate kaburini. Unaniuliza tena?"

Mwanamkuu hakuwa na desturi ya kuomba radhi.

"Pole kwa mama yako," alisema. "Alizaa mtu mvumilivu. Mimi ningenipiga."

Kisioki karibu acheke. "Nilifikiria."

Mwanamkuu alikwenda moja kwa moja sokoni mjini, kwa Nashipae aliyeuza ngeu kwenye vibuyu.

"Nani amenunua nyingi hivi karibuni?"

"Morani wananunua kiganja, kiganja," alisema Nashipae. "Lakini mmoja alinunua mfuko mzima, na mafuta ya kondoo debe. Nikacheka nusura nianguke. Mwaka jana mtu huyo huyo alisimama hapa akaniambia biashara yangu ni uchafu wa washenzi. Safari hii alikuja amejifunika shuka hadi puani, akasema ni ya kupaka ukuta."

"Jina lake?"

"Simjui jina. Lakini shuka haifuniki macho, mama. Nikimwona, nitamjua."

"Jumatatu utamwona. Vaa vizuri."

Jioni ile alimwita Shomari nje ya lango, akamfungulia ule ukuni, akamweleza yote bila kupumzika. Shomari aliunusa. Akaunusa tena.

"Unataka nifanye nini?"

"Kimandolu kuna nyumba mpya. Imepakwa chokaa hadi kwenye ncha za boriti. Ni nani anayepaka chokaa ncha za boriti, Shomari? Jumatatu alfajiri chukua kisu, uende ukakwangue."

"Ile ni nyumba ya mtu mkubwa. Watu wanasema atafanywa akida, atawale eneo zima."

"Na mimi watu wananiita mama wa muuaji. Nenda ukakwangue!"

*

Jumatatu baraza la boma lilijaa. Bwana Shauri alikaa nyuma ya meza, Mjerumani mwembamba aliyesema Kiswahili cha kuamuru tu. Kile kipande cha boriti kilikuwa mbele yake, chapa ikitazama watu. Athumani alisimama na mnyororo. Nathanaeli alikuwa mstari wa mbele, koti limepigwa pasi.

"Boriti ya daraja la kwanza imevunjika," alisema Bwana Shauri. "Mtu amekufa. Mkaguzi ni huyu. Kuna neno?"

"Lipo!"

Mwanamkuu aliingia akimvuta mbwa mwekundu kwa kamba. Watu wakaguna. Mmoja akacheka.

"Nani amemruhusu mwanamke huyu na mbwa?"

"Mwanamke ni mama wa huyu uliyemfunga," alisema Mwanamkuu. "Mbwa ni shahidi. Alikuwepo kabla yetu sote, nami nikampiga jiwe." Akafungua kamba.

Mbwa hakumtazama mtu. Alinusa hewa, akaruka miguu ya mbele juu ya meza, akaanza kukilamba kile kipande cha boriti.

"Mtoe!"

"Subiri, Bwana. Je, mbwa hulamba mti? Lete gogo lolote la mtarakwa uone kama ataligusa. Analamba mafuta ya kondoo. Chukua kisu chako ukwangue mwenyewe, au ile kazi nayo nikufanyie mimi?"

Hakuna aliyewahi kusema na Bwana Shauri hivyo. Labda ndiyo sababu alichukua kisu. Alikwangua mara moja. Wekundu ulitoka kama uchafu wa kucha, na chini yake ukatokea mti wa njano usio na harufu yoyote.

"Podo," alisema Athumani kutoka kwenye mnyororo wake. "Daraja la tatu."

Mwanamkuu alitoa ukuni kwenye kanga na kuuweka mezani, fundo likitazama juu. "Na hili hapa ndilo fundo lake, limezibwa kwa kidole. Mtu alikata ncha yenye mistari mitatu, akachukua nyundo ya mwanangu wakati wa swala, akapiga mstari mmoja kwenye podo."

"Ni Kisioki," alisema Nathanaeli haraka. "Nani mwingine mwenye ngeu?"

"Kumbe umeshajua ni ngeu?" Mwanamkuu alimgeukia. "Juzi pia ulijua, kabla mtu hajakwambia. Kisioki amefiwa na mama, hajagusa ngeu mwezi mzima, kichwa chake kilichonyolewa hicho hapo kati ya watu. Nashipae! Njoo."

Nashipae alipita katikati ya watu, amevaa shanga zake zote. Hakuhitaji hata kunyoosha mkono. Alisimama mbele ya Nathanaeli, akamtazama machoni, akacheka kama alivyocheka siku ile.

"Ukuta wako umekuwa mwekundu, baba?" alimuuliza. "Ama uchafu haukutosha?"

"Nilinunua kwa ajili ya... kwa ajili ya mpaka wa shamba."

"Pamoja na debe la mafuta ya kondoo?" Mwanamkuu alimsogelea. "Sikiliza, Nathanaeli. Mtu wa pwani kama mwanangu angepaka udongo kwa maji, ukakauka, mbwa asijue. Wewe uliikanda na mafuta ya kondoo kwa sababu ndivyo baba yako alivyoikanda, na babu yako. Unawatukana wenzako sokoni, lakini mikono yako haijui njia nyingine."

Pale langoni Shaushi Shomari alikuwa ameingia, magoti yamejaa vumbi, chokaa imemganda kwenye kucha. Alipiga saluti.

"Boriti tatu za mtarakwa, Bwana. Kimandolu, nyumba ya Nathanaeli. Chini ya chokaa kuna chapa ya mstari mmoja, yenye pengo dogo chini. Zote tatu."

Baraza lilipiga kelele. Nathanaeli aliketi chini, hapo hapo sakafuni.

"Nilitaka nyumba," alisema. "Bwana Shauri alisema akida lazima awe na nyumba ya kumpokelea mgeni mkubwa. Mtarakwa wote unakwenda kwa serikali, mtu mweusi hauziwi. Podo lilikuwa gumu, nikadhani litashika. Sikutaka mtu afe."

Nanyori, aliyekuwa amesimama kimya ukutani muda wote, alisema kwa mara ya kwanza.

"Patasi."

Nathanaeli hakuinua kichwa.

"Mume wangu alikuwa na patasi mkononi. Juu ya paa. Kwa nini?"

"Jumatano alipochonga aliona weupe," alisema Nathanaeli. "Nikamwambia ni tabaka la nje tu. Hakuamini. Alhamisi alfajiri akaja, anakwenda bomani. Nikamwambia usiende mikono mitupu, panda ukate kipande, umpelekee Bwana."

"Ukate wapi?" aliuliza Nanyori.

Nathanaeli alikwaruza sakafu kwa ukucha.

"Ulimwambia akate wapi?" Mwanamkuu alipaza sauti hadi farasi wakashtuka bandani.

"Katikati," alisema Nathanaeli.

"Penye fundo. Ulilolijua, kwa sababu kidole kilichoziba ni chako. Hukuwa mtoni. Ulisimama chini ukamtazama akipanda." Mwanamkuu alimwinamia. "Umemuua mwenzako kwa ajili ya baraza la kunywea chai na wazungu. Halafu ukampelekea mkewe silaha yenyewe, apikie msiba!"

Shomari alimshika bega, si kumzuia, ila kumtegemeza.

Mnyororo ulitoka shingoni mwa Athumani, ukaingia shingoni mwa Nathanaeli ukiwa bado na joto. Bwana Shauri alisafisha kisu chake, akasema shauri limekwisha, watu watawanyike. Nyumba ya Kimandolu ilikuwa nzuri, akaongeza. Boma lingeitumia kwa wageni.

Mwanamkuu hakutawanyika.

"Boriti zile ni za nyumba ya dawa," alisema. "Zilipigwa chapa kwa ajili ya nyumba ya dawa. Ukiziacha pale, na wewe umeziiba."

Shomari alifumba macho. Bwana Shauri alimtazama mwanamke huyu mfupi kwa muda mrefu, kisha akamtazama Nanyori, kisha mbwa aliyekuwa amelala chini ya meza ameshiba. Akachukua kalamu.

"Zing'olewe," alisema. "Zipelekwe Moshono. Leo."

Athumani alikuwa akisugua shingo. Aliomba nyundo yake, na askari mmoja akamletea. Watu walidhani anaichukua aende. Yeye aliisogelea meza, akakigeuza kile kipande cha podo, akageuza kichwa cha nyundo, akapiga chapa juu ya chapa: mistari mitatu, pale pale ulipokuwa mmoja. Kisha akakichukua kwa mikono miwili, akampa Nanyori.

"Daraja lake halisi, dada," alisema. "Uwaonyeshe wanao."

Nanyori alikipokea.

"Twende nyumbani," alisema Mwanamkuu, akiokota kamba. "Na hiyo nyundo kuanzia leo unakwenda nayo hadi msikitini, umenisikia? Shomari, mtafutie mbwa huyu mfupa. Mkubwa."